Neno Lililozibwa

Mninga ukiachwa nje bila mafuta wala vanishi hugeuka kijivu. Jua la nyanda za juu ni kali hata siku za baridi, na mvua inayoanza Novemba hadi Aprili humalizia kazi. Lakini ukikwangua kidogo tu, chini ya kijivu hicho unaikuta rangi ya asili palepale, kahawia inayoelekea wekundu, kana kwamba mbao imepasuliwa jana. Mti wenyewe ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Ndiyo maana mafundi wa zamani wa Iringa na Mbeya, walipotaka kibao cha kudumu, hawakuchora maneno kwenye bati. Walichonga herufi kwenye mninga, kisha wakaingiza rangi ndani ya herufi. Rangi ikiondoka, shimo hubaki, na anayetaka kupaka upya hahitaji kukumbuka kilichoandikwa.

Mimi hutengeneza vibao Mbeya, upande wa Mwanjelwa: vya makanisa, vya nyumba za wageni, vya shule, na misalaba ya makaburini yenye majina na tarehe. Kibao ninachotaka kukieleza hapa kililetwa kwa basi kutoka Iringa, zaidi ya kilomita 300, kimefungwa kwenye mablanketi mawili. Ni mbao mbili za mninga zilizounganishwa kwa gundi na vijiti, urefu kama futi sita. Kilikuwa mali ya kijiji kimoja cha Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ukielekea Mtera na Dodoma. Wenyeji wameniomba nisikitaje jina la kijiji, nami sitalitaja. Maagizo ya mwenyekiti yalikuwa mafupi: ondoa rangi kuukuu, paka dawa ya mbao ionekane mninga, herufi zisomeke kutoka barabarani.

Kilipofika kilikuwa cha kijani, na herufi zake za njano. KIJIJI CHA, halafu nafasi tupu, halafu jina. Hiyo nafasi ndiyo iliyonishughulisha. Hakuna fundi aliyefundishwa kazi anayeacha pengo la kiganja kizima na zaidi katikati ya mstari. Herufi nyingine zilipangwa kwa mkono uliojua hesabu: kina sawa, mikato miwili inayokutana chini kama mfereji, miguu ya A imeinama kwa pembe ileile mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni kazi ya karakana za misheni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Wabenediktini wakafuata Iringa miaka ya mwisho ya karne hiyo, na Wakonsolata wakashika Tosamaganga baada ya Vita ya Kwanza. Popote walipojenga kanisa walihitaji maseremala, na popote walipofundisha maseremala, herufi za Kirumi zilifundishwa pamoja na randa na patasi. Serikali ya uhuru iliwakuta mafundi hao tayari.

Kwa hiyo nilijua kabla ya kugusa msasa kwamba pale katikati palikuwa na neno.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu Isimani si mahali ambapo neno hilo ni jepesi.

Miaka ya 1940 na 1950 watu wengi walihamia kwenye tambarare hizo kulima mahindi. Ardhi ilikuwa mpya na ilitoa. Ikazuka hapo jamii ya wakulima wenye matrekta na mashamba makubwa, na chini yao vibarua na wenye vijishamba. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na siasa ya vijiji vya ujamaa ikafuata, Isimani ilionekana kuwa mfano wa ubepari wa shambani ambao ulipaswa kuvunjwa. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliisimamia kazi hiyo kwa nguvu. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, alikwenda kwenye shamba la mkulima Saidi Mwamwindi, wakagombana, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Muuaji aliupakia mwili kwenye gari la marehemu akaupeleka mwenyewe polisi Iringa. Alihukumiwa kunyongwa. Chuo cha ualimu mjini Iringa kinaitwa Klerruu hadi leo, na kule Isimani kando ya barabara upo mnara wa kumbukumbu. Wapo pia wanaomtaja Mwamwindi kwa sauti ya chini na si kwa chuki. Nimewasikia wote wawili wakitajwa katika meza moja ya ulanzi, na mazungumzo yakahamia haraka kwenye bei ya alizeti.

Miezi michache baada ya kifo hicho, Mei 1972, halmashauri kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi kijijini. Ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa, wengine kwa malori, na makazi yao ya zamani yakawa mahame: mashina ya miembe, vinu vilivyovunjika, makaburi yasiyo na mtu wa kuyafyekea. Katika taarifa yake ya 1977, miaka kumi baada ya Azimio, Mwalimu alieleza kwamba watu milioni 13 sasa waliishi katika vijiji zaidi ya 7,600. Katika taarifa hiyohiyo alikiri kwamba Tanzania haikuwa bado nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea.

Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyoviandikisha vijiji hivyo. Jina lake ni Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, na hiyo "na" ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Sheria ilitofautisha mambo mawili. Kijiji kilikuwa makazi ya kaya zisizopungua 250, chenye halmashauri ya watu 25. Kijiji cha ujamaa kilikuwa daraja la juu zaidi: kijiji ambacho sehemu kubwa ya uchumi wake huendeshwa kwa pamoja, na ambacho kimetambuliwa rasmi hivyo. Vijiji vichache sana viliwahi kupanda daraja hilo. Vingi vilibaki vijiji tu, vyenye shamba moja la pamoja ambalo watu walilifikia saa nne asubuhi baada ya kumaliza ya kwao. Lakini mdomoni, kwenye redio na kwenye vibao, kila kijiji kilikuwa cha ujamaa.

Basi niliondoa rangi. Niliiondoa kwa maji na msasa wa maji, polepole, nikiwa na barakoa, na vumbi lote nikalikusanya kwenye ndoo. Nasisitiza hili kwa vijana wanaokwangua vibao vya zamani uwanjani huku watoto wakicheza pembeni. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, mara nyingi zilipewa rangi yao na kromati ya risasi. Mwaka 2009 AGENDA, asasi ya mazingira ya Dar es Salaam, ilishiriki katika uchunguzi wa kimataifa wa rangi za madukani, na rangi za mafuta zenye risasi nyingi zilikutwa bado zikiuzwa. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi ya njano ya zamani inaweza kuzidi hapo mara mamia. Kiswahili kina neno moja kwa madini hayo na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki, na nilipokuwa nasugua kibao cha Isimani sikuweza kuacha kulifikiria hilo.

Tabaka zilijitokeza kwa mpangilio. Juu kijani na njano, zimepakwa si chini ya mara tatu. Hizo ni rangi za Chama cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 TANU ilipoungana na Afro-Shirazi, kwa hiyo kijani ya kwanza haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Chini yake, ndani ya herufi tu, nyeupe. Ubao wenyewe hapo mwanzo haukupakwa rangi; ulipakwa kitu cheusi chenye mafuta ambacho nilikitambua kwa harufu hata baada ya miaka yote hiyo. Oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini. Ndiyo dawa ya mbao ya maskini kote nyanda za juu. Huzuia mchwa na maji, na huipa mbao weusi wa heshima. Nguzo nyingi za mazizi, milango ya vyoo na vibao vya mwanzo vya vijiji vilipakwa hiyo. Kwa upande wa kemia haina sifa yoyote, inachafua udongo na mikono, lakini kibao hiki kimekaa nje zaidi ya miaka arobaini na hakina tundu la mchwa hata moja.

Na katikati, palipokuwa na pengo, neno lilikuwa limezibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, likasawazishwa kwa randa. Aliyeziba alikuwa fundi pia. Alitumia unga wa mninga uleule ili rangi ilingane. Chini ya kijani hakuna ambaye angejua.

Lini alifanya hivyo? Kibao chenyewe kinasaidia kujibu. Kulikuwa na tabaka moja ya kijani chini ya kizibo, ndani ya herufi U, na nyingine juu yake. Kwa hiyo neno liliishi chini ya CCM kwa muda, likazibwa baadaye. Sheria mpya ya serikali za mitaa ya 1982 iliifuta ile ya 1975, na vijiji vikabaki vijiji. Mwaka 1991 likaja Azimio la Zanzibar lililolegeza miiko ya uongozi, na 1992 vyama vingi. Mahali fulani katika miaka hiyo kumi mtu alitumwa, au alijituma, kuchukua patasi na gundi.

Sasa kuhusu rangi na dawa, kwa sababu hapa ndipo mgogoro ulipoanzia. Rangi ya mafuta hukaa juu ya mbao kama blanketi. Dawa ya kubadili rangi ya mbao, ambayo sisi mafundi huiita steini, huzama ndani. Haifuniki nyuzi, huzitia giza, na kila nyuzi hunywa kwa kiasi chake. Paina wa Sao Hill, ambao leo ndio mbao ya kila mtu, hunywa vibaya: sehemu laini hulewa, sehemu ngumu hukataa, ubao unatoka na mabaka kama ng'ombe. Mninga hunywa sawasawa. Lakini gundi hainywi kabisa. Unga wa mbao ulioshikwa na gundi hubaki mweupe-mweupe wakati kila kitu kinachouzunguka kinakuwa cheusi. Yaani agizo la mwenyekiti, kwamba kibao kipakwe dawa ionekane mninga, lingelirudisha neno lile mbele ya macho ya kila anayepita, lisiloandikwa kwa rangi bali kwa kukosa rangi.

Nilijaribu kwanza pembeni, kwenye mguu wa herufi ya mwisho. Ukajitokeza kama kovu. Nikapiga simu.

Njia nyingine zilikuwepo, na mwenyekiti alizitaja zote kwa haraka. Tupake kijani tena. Tupake kahawia nzito inayofanana na mninga. Tugeuze ubao tuchonge upande wa nyuma. Tuchimbe kizibo tuingize kipande cha mninga kinachokaa barabara, ambacho kingekunywa dawa kama jirani zake. Hii ya mwisho inawezekana, nami ningeweza kuifanya bila mshono kuonekana. Nilimwambia hivyo. Lakini nilimwambia pia kwamba kibao si changu wala si chake, na kwamba ningesubiri.

Nikaitwa Isimani. Tulikaa chini ya mti mbele ya ofisi ya kijiji, ubao ukiwa umeegemezwa ukutani. Kamwene zilipokwisha na shikamoo zote zikaitikiwa, nilitarajia kwamba wale waliokuwa kwenye halmashauri ya kwanza, ile ya watu 25, wangelitetea neno lao, na wale walionyang'anywa mashamba wangetaka lizikwe milele. Ilikuwa kinyume chake. Mzee mmoja aliyekuwa katibu wa kijiji zamani hizo alitaka lifunikwe. Alisema neno hilo lilikuwa la kweli kwa miezi sita na la uongo miaka kumi, na kwamba yeye mwenyewe alijua, wakati kibao kinasimikwa, kuwa kijiji hakikuwa na sifa ya kuitwa hivyo kisheria. Walisimika tu kwa sababu mgeni wa wilayani alikuwa anakuja. Mama mmoja, ambaye shamba la baba yake liliingizwa kwenye shamba la pamoja, ndiye aliyetaka lionekane. "Mwanangu," aliniambia, "ukilifuta hilo, watasema sisi tulihama wenyewe kwa kupenda."

Vijana walikuwa na hofu nyingine, nayo si ya kihistoria hata kidogo. Ni ya ardhi. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila za watu waliokuwa na ardhi kabla ya Operesheni Vijiji. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay la 1994, ikasema haki za kimila ni mali inayolindwa na Katiba na haziwezi kufutwa hivihivi bila fidia. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikathibitisha ugawaji uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Kwa wanasheria jambo hilo limekwisha. Kwa kijana anayelima ekari tatu ambazo babu wa mtu mwingine aliziita zake, halijakwisha. Na neno UJAMAA likisimama barabarani aliliona kama mwaliko kwa watoto wa wenye mahame warudi na madai. Sikuweza kumcheka. Ofisi ndiyo hiyo nyuma yetu, na nilionyeshwa faili moja la mgogoro wa mpaka lililo nene kuliko Biblia.

Mazungumzo yalichukua mchana mzima. Kuna mtu aliuliza kama haiwezekani kuupaka ubao wote kiwi nyeusi, kama wachonga vinyago wanaouzia watalii mti mweupe kwa jina la mpingo, na watu wakacheka. Nikakumbuka kwamba hata katika vinyago vya Kimakonde lipo umbo linaloitwa ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, aliye juu akikanyaga bega la aliye chini. Hao waliochonga hawakuziba kitu. Unaweza kuliangalia ukaona mshikamano, au ukamhesabu nani amebeba na nani amebebwa. Sikulisema hilo pale, maana hakuna aliyeniuliza.

Kilichoamuliwa mwishowe hakikumridhisha mtu yeyote kikamilifu. Hapatakuwa na kijani wala njano, kwa sababu ofisi ya kijiji ni ya wote na vyama viko zaidi ya kimoja. Ubao utapakwa steini. Herufi za KIJIJI na jina zitaingizwa rangi nyeupe, kama za mwanzo. Neno la katikati, na ile CHA iliyobaki ikining'inia peke yake miaka yote bila mtu kushangaa, havitapakwa rangi, wala havitachimbwa. Vitabaki kama vilivyo. Katibu wa zamani alikubali kwa sharti moja, kwamba asiombwe kusimama karibu na kibao siku ya kupiga picha.

Kazi yenyewe ilifuata utaratibu ambao hauna njia ya mkato. Steini mara mbili kwa kitambaa, kufuata nyuzi. Siku mbili za kukauka. Vanishi nyembamba iliyochanganywa na tina, ili mbao ifungwe kabla rangi ya herufi haijaingia. Usipoifunga, nyeupe itatambaa kando ya nyuzi na herufi zitaota ndevu. Kisha brashi ndogo, herufi moja moja, kuanzia chini ya mfereji kupanda juu, na kitambaa chenye tina mkononi kufuta kinachovuka ukingo. Mwisho vanishi ya nje mara tatu, mbele, nyuma na hasa kwenye vichwa vya mbao, kwa sababu maji huingilia huko. Nguzo ni mkaratusi. Wenyewe walishazipaka oili chafu kabla sijafika, na sikuwazuia.

Ukisimama barabarani, kwa hatua kama thelathini, unasoma KIJIJI na jina. Ukisogea, hasa saa kumi jioni jua likija kwa ubavu, neno la katikati linatokea, hafifu, rangi ya majani makavu juu ya kahawia. Vanishi haitadumu katika jua lile. Inahitaji kukwanguliwa kidogo na kupakwa upya. Mwenyekiti ameandika kwenye daftari lake la kumbukumbu: kila baada ya masika ya pili, vanishi safi tu, isiongezwe rangi.